Bahari Haimo Kwenye Kifurushi

Nilikuwa nimelala. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ningekuwa macho, nimejinyoosha sitahani nikitazama video za harusi za watu nisiowajua, ile bili ningeilipa kwa kunung'unika kidogo tu, maana starehe ningekuwa nimeiona. Lakini mimi nilizima taa saa nne usiku, simu nikailaza kifudifudi juu ya meza ndogo ya kabini ikiwa kwenye chaji, na kati ya saa saba usiku na saa kumi alfajiri ikala MB 212 za data ya bei ambayo sijawahi kuilipia kabla wala baada ya hapo. Bili ilipokuja ilikaribia theluthi ya nauli yangu ya meli. Meli ilinibeba siku kumi kwa nauli ile. Simu ilihitaji saa tatu tu.

Mwezi huu pekee watu watatu wameniuliza namna ya kutumia simu kwenye meli za kitalii bila kufilisika, na kila mara najikuta naanza na kisa hicho. Basi leo nakiandika, pamoja na niliyojifunza katika safari mbili zilizofuata, nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Tulikuwa wawili, mimi na shangazi yangu wa miaka 71, ambaye ndiye hasa aliyeitaka hiyo safari. Tulipandia Barcelona, tukapita Civitavecchia na Napoli za Italia, Kotor ya Montenegro na kisiwa cha Corfu, tukashukia Piraeus, Ugiriki. Kabla ya kuondoka nilijiona mjanja. Nilinunua kifurushi cha romingi, yaani ile hali ya laini ya kwenu kutumia minara ya wenyewe huko uendako. Kifurushi kilijisifu kwamba kinafanya kazi katika nchi zaidi ya mia moja. Nikafungua orodha, nikazitafuta nchi zetu moja baada ya nyingine: Uhispania ipo, Italia ipo, Montenegro ipo, Ugiriki ipo. Nikamwambia shangazi mambo ya simu yamekwisha, tufikirie nguo.

Shangazi akauliza, "Na hapo katikati?"

"Katikati wapi, shangazi?"

"Katikati ya Uhispania na Italia, mwanangu. Si kuna maji?"

Nikacheka. Nadhani nilimjibu kwamba maji ni ya wote.

Maji ya wote kweli, ila mtandao wa juu ya maji una mwenyewe. Meli kubwa za kitalii zina mtandao wao wa simu za mkononi. Kwenye dari za korido na kumbi zimefichwa antena ndogo ndogo, na kwa simu yako antena hizo hazina tofauti na mnara wowote wa mjini. Meli ikiwa bandarini mitambo hiyo huzimwa isije ikaingilia mitandao ya nchi kavu. Katika maji ya nchi za Umoja wa Ulaya, uamuzi uliotolewa mwaka 2010 unataka mitambo ya meli ya GSM, ule mfumo wa simu za mkononi wa 2G, isiwe hewani ndani ya maili 2 za baharini kutoka pwani. Meli ikishajitoa, minara ya mjini inafifia na ya meli inawashwa. Simu yako, ambayo imekuwa ikihangaika kutafuta pa kushika, ghafla inaona mistari yote imejaa. Inang'ang'ania hapo hapo, kama mtoto aliyepotea kwenye umati anavyoshika gauni la mwanamke wa kwanza anayemwona. Kuanzia hapo kila kitu unachotuma kinapanda kwenye setilaiti, kinashuka kwenye kituo cha nchi kavu, ndipo kinapoingia kwenye mtandao wa dunia. Njia hiyo ni ghali, na kwa kawaida haihesabiwi kuwa nchi. Ndiyo maana haikuwa kwenye orodha yangu ya nchi zaidi ya mia moja.

Kuitambua si kazi. Tazama jina la mtandao juu ya kioo. Ukiona Cellular at Sea, au Telenor Maritime, umeshafika. Simu nyingine haziandiki jina, zinaandika namba, na hapo ndipo pana siri nzuri. Kila nchi ina namba ya tarakimu tatu ya kutambulisha mitandao yake: Ugiriki 202, Uhispania 214, Italia 222, Montenegro 297. Namba 901 haina nchi. Imetengwa kwa mitandao isiyofungwa na mpaka, ikiwemo ya meli na ya setilaiti. Ukiona 901, toa mkono kwenye simu kama unavyoutoa kwenye sufuria ya moto.

Kilichokula MB zangu 212 kilikuwa picha. Mchana ule pale Barcelona nilipiga picha 58 na video tatu za shangazi akifukuzana na njiwa. Simu za siku hizi hupenda kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku, zikiwa kwenye chaji, mwenye nazo amelala. Kwa sababu nilikuwa nimewasha romingi ya data na nimeiruhusu ipandishe picha hata pasipo waifai, ilifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa. Ujumbe wa makaribisho wenye bei ya baharini ulikuja. Nilipoamka niliukuta pale, umefika saa saba kasoro dakika tano. Niliusoma huku picha ya tatu ya njiwa ikiwa bado inajaribu kupanda.

Binti wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu zake, sina ugomvi naye. Alinisomea sentensi moja mara mbili: "Mitandao ya baharini na angani haimo kwenye kifurushi." Nikaja kuikuta kwa maandishi madogo, ukurasa wa mwisho wa masharti. Shangazi hakusema kitu. Alinitazama tu, akarudi kwenye kitambaa chake anachofuma.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja ambao siuvunji. Kamba za meli zikianza kufunguliwa gatini, naweka simu kwenye hali ya ndegeni. Sisubiri tufike bahari kuu, maana nikisubiri nitakuwa nimeshikilia sahani. Halafu, hali ya ndegeni ikiwa imewaka, nawasha waifai peke yake. Watu wengi hudhani viwili hivyo haviendi pamoja. Vinakwenda vizuri kabisa. Bluetooth vilevile. Hata GPS inafanya kazi, kwa sababu simu inasikiliza tu setilaiti bila kutuma chochote. Shangazi hukaa dirishani na ramani aliyoipakua nyumbani, akifuatilia kile kidoti cha bluu kikitambaa juu ya maji, na hakuna anayemdai senti.

Kuna wanaosema inatosha kuzima romingi ya data. Hiyo inazuia data tu. Simu ya kawaida ikiita ukaipokea, unalipa wewe, ingawa aliyepiga ni mwingine. Usipopokea napo kuna mtego: ikiwa laini yako ina kisanduku cha ujumbe wa sauti, simu ile imeshasafiri kutoka kwenu hadi uliko, na usipoipokea inageuzwa kurudi kwenu ikaache ujumbe. Kampuni nyingine hutoza safari zote mbili, ya kuja na ya kurudi, na wewe hata hukugusa simu. Dawa ni kufuta uhamishaji wa simu kabla ya kuondoka. Namba ya kupiga ni ##002#, ni ya kawaida kwenye mitandao ya GSM, na inafuta uhamishaji wote kwa mpigo mmoja. Mimi naipiga siku ninapofunga begi.

Sasa waifai ya meli. Hapa sitakaa sana kwa sababu kila kampuni ina bei na majina yake, na hubadilika kila msimu. Kwa kawaida inauzwa kwa siku na kwa kila kifaa, na ukiinunua mtandaoni kabla ya safari huwa nafuu kuliko ukiinunua ukiwa umeshapanda, pale mapokezi wanapojua huna pa kwenda. Sisi tulinunua ya kifaa kimoja. Kwenye meli zote mbili tulizopanda iliwezekana kutoka kwenye simu moja na kuingia kwenye nyingine, kwa hiyo tulikuwa na zamu: asubuhi ni ya shangazi, jioni ni yangu. Uliza kabla ya kulipia kama kifurushi cha bei ya chini kinaruhusu simu za sauti na video, maana vingine vinaruhusu meseji tu. Na programu ya meli yenyewe, ile yenye ratiba na menyu, hufanya kazi bila kununua intaneti.

Kasi imebadilika mno. Setilaiti za zamani za kazi hii ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ukiuliza swali, jibu linachelewa zaidi ya nusu sekunde hata mambo yakiwa shwari, ndiyo maana mazungumzo ya video yalikuwa ya kukatizana. Mwaka 2022 kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean walitangaza kuweka Starlink, intaneti ya setilaiti za chini, kwenye meli zao, na wengine wakafuata. Setilaiti hizo huruka kilomita 550 hivi juu ya ardhi, kwa hiyo ucheleweshaji ule umekwisha. Bei sikuiona ikishuka.

Nchi kavu ndiko penye uwanja wa kuchezea. Nimejaribu njia tatu.

Ya kwanza, romingi ya laini ya kwenu, nimeshaieleza. Inafaa ukiwa na safari fupi na umesoma masharti yote, hadi yale ya chini kabisa.

Ya pili ni laini ya huko huko. Safari ya pili, mwaka uliofuata, tulianzia tena Barcelona, na siku moja kabla ya kupanda meli nikanunua laini ya kulipia kabla dukani. Walitaka pasipoti, wakaiskani, dakika ishirini nimemaliza. Uzuri wake ni huu: tangu tarehe 15 Juni 2017 laini ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya nyumbani, na kanuni hiyo iliongezewa muda mwaka 2022 iendelee hadi 2032. Kwa hiyo laini yangu ya Uhispania ilifanya kazi Italia na Ugiriki bila nyongeza, ndani ya kiasi cha data walichokitaja. Norway, Iceland na Liechtenstein pia zimo. Uswisi haimo. Uingereza ilitoka. Montenegro haimo, na tulipoingia ghuba ya Kotor, mahali ambapo kila abiria yuko sitahani na simu mkononi kwa sababu milima ile haielezeki, mimi ndiye niliyekuwa nahangaika kuzima data. Bahari nayo haimo, ingawa sheria hiyo inazitaka kampuni za Ulaya zikukatie huduma ukifika euro 50 kwenye mitandao ya meli na ndege. Ningekuwa na kamba hiyo shingoni usiku ule wa njiwa, ningeamka na simu bubu na pesa zangu mfukoni.

Kama simu yako imefungwa kwenye mtandao mmoja, njia hii haikufai kabisa hadi ifunguliwe. Ijaribu nyumbani: azima laini ya rafiki wa mtandao mwingine, itie, uone kama inasoma.

Kuhusu WhatsApp, watu huogopa kwamba wakibadili laini watapoteza namba. Hupotezi. Akaunti imeshikamana na namba uliyosajilia, si na laini iliyomo ndani ya simu. Ukiulizwa kama unataka kubadili namba, kataa, na maisha yataendelea. Ila wenye iPhone wajue kwamba ukitia laini mpya simu hutuma SMS moja ya kimataifa kimya kimya ili kusajili iMessage na FaceTime, na salio litapungua kidogo bila wewe kuandika neno. Mimi nilidhani duka limeniibia.

Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitumia sasa, ni eSIM: laini isiyoshikika, unayoinunua mtandaoni na kuiingiza kwa kupiga picha ile alama ya miraba ya QR. iPhone zimekuwa nayo tangu XS ya mwaka 2018, na iPhone 14 zilizouzwa Marekani mwaka 2022 hazikuwa hata na tundu la laini ya kawaida. Kujua kama simu yako inayo, piga *#06#. Ukiona mstari ulioandikwa EID wenye tarakimu 32, unayo.

Raha ya eSIM ni kwamba laini ya nyumbani inabaki mahali pake. Hutembei na pini ya kutolea laini wala kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha ndani ya pochi. Karaha zake ninazijua kwa majina. Nyingi ni za data tu, hazina namba ya kupigiwa. Kuiingiza kunahitaji intaneti, kwa hiyo iingize ukiwa nyumbani kwenye waifai, usisubiri bandari. Usiifute hata ukikasirika nayo, kwa sababu nyingi huingizwa mara moja tu. Ukiifuta umeitupa, na mimi nimeshatupa moja pale Napoli nikidhani naizima. Na neno "Ulaya" kwenye jina la kifurushi lisikulevye. Fungua orodha uhakikishe Montenegro, Uturuki na Uswisi zimo kama unazipitia, maana kila muuzaji ana Ulaya yake.

Ukiwa na laini mbili ndani ya simu, hakikisha umechagua eSIM kuwa ndiyo ya data, na uzime ile ruhusa inayoiachia simu kuhamia laini nyingine mtandao ukiwa dhaifu. Ruhusa hiyo imeandikwa kwa lugha tamu, kana kwamba inakusaidia.

Laini ya nyumbani naiacha iwake nchi kavu kwa sababu moja tu, benki. Ukitumia kadi ugenini, benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na laini yako isipokuwa hewani muamala unakwama mbele ya foleni ya watu. Kupokea SMS ukiwa nje mara nyingi ni bure. Thibitisha na kampuni yako. Tatizo ni baharini, ambako laini imezimwa. Basi hamishia uthibitisho kwenye programu ya kuzalisha namba za siri, zile zinazobadilika kila sekunde 30. Hazihitaji mtandao wowote, zinatumia saa ya simu.

Na hapo kwenye saa ndipo nilipokwama mara ya pili. Meli ina saa yake, inayotangazwa kwa kipaza sauti, na simu iliyo kwenye hali ya ndegeni haiijui. Nikaingia kwenye mipangilio, nikasogeza saa mbele kwa mkono, saa moja nzima. Asubuhi kila namba ya siri niliyoingiza ilikataliwa. Nikaishutumu benki, nikaishutumu waifai ya meli. Kumbe zile namba hukokotolewa kutokana na saa ya dunia, na mimi nilikuwa nimeidanganya simu kwamba dunia nzima imesogea saa moja. Unachotakiwa kubadili ni ukanda wa saa. Saa yenyewe usiiguse kwa mkono. Ukichagua Athens simu inajua kwamba ni mahali palipobadilika.

Corfu ndiko tulikoponea chupuchupu. Tulichukua basi kwenda Kassiopi, kijiji cha pwani ya kaskazini mashariki, mwendo wa karibu saa nzima kutoka mjini. Kutoka pale unaiona Albania ng'ambo, kilomita chache tu za maji, milima yake iko wazi kama picha. Simu yangu nayo iliiona. Minara ya Albania ilikuwa na nguvu kuliko ya kijijini, simu ikahamia huko bila kuaga, na kwa kuwa saa niliiacha ijirekebishe yenyewe, ikachukua saa ya Albania, ambayo iko nyuma ya Ugiriki kwa saa moja. Tulitakiwa tuwe melini saa kumi na moja na nusu jioni. Mimi nimekaa, miguu majini, simu inasema saa tisa.

"Mwanangu," shangazi akasema, "hii saa yangu inasema saa kumi."

"Itakuwa imeharibika, shangazi. Simu inachukua saa hewani."

"Hewa ya nani?"

Nikatazama juu ya kioo. Jina la mtandao sikulijua. Tulifika gatini tukiwa na dakika saba, shangazi mbele, mimi nyuma na viatu mkononi. Tangu hapo, nikiwa karibu na mpaka, naingia kwenye mipangilio ya mitandao, nazima uchaguzi wa moja kwa moja, nachagua mtandao mwenyewe. Na huwa navaa saa ya mkononi.

Ushauri mmoja niliupewa na mhudumu wa chumba chetu, kijana aliyekuwa kwenye mkataba wa miezi tisa. Aliniambia abiria hununua laini kwenye vibanda vilivyo nje ya geti la bandari, mabaharia hawanunui hapo. "Wafuate mabaharia," akasema. Meli ikifunga, utawaona wakishuka kwa haraka, nguo za kiraia, hawatazami makanisa wala makumbusho. Wanaelekea mahali penye waifai ya bure na nguvu, na duka la laini wanalolitumia liko mitaa miwili ndani. Napoli tuliwafuata vijana wanne hivi hivi, kwa mbali, kama wapelelezi. Waifai ilikuwa nzuri kuliko ya meli. Benki sikuifungua pale, waifai ya wazi ni ya kusalimiana tu.

Safari ya tatu sikwenda na meli kubwa. Rafiki alinialika kwenye mashua ya tanga, siku nane kati ya Lefkada, Ithaca na Kefalonia. Huko hakuna 901, hakuna waifai ya kuuziwa, kuna minara ya visiwani tu na umbali. GSM ya kawaida hukoma kilomita 35 kutoka mnarani hata kama hakuna kinachoziba, kwa sababu mfumo umepangwa kusubiri mawimbi kwa muda maalumu, yakichelewa zaidi yanakosa nafasi yao. Kinachokuangusha mapema zaidi ni kimo. Simu ikiwa mfukoni mwa mtu aliyekaa, iko mita moja juu ya maji, na dunia ni mviringo.

Rafiki yangu alikuwa na simu kuukuu, ameitia laini ya Ugiriki, ameiwashia hotspoti, ameifunga ndani ya mfuko usiopitisha maji. Anaifunga kwenye kamba ya tanga, anaivuta hadi juu ya mlingoti, mita kumi na mbili hivi. Sisi chini tunashika waifai yake. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilipata utabiri wa upepo mahali ambapo simu yangu ya mkononi, yenye bei mara sita ya ile, ilikuwa haioni hata mstari mmoja. Siku ya tatu ilijizima saa sita mchana kwa joto, tukaishusha, tukaipepea kwa kofia kama mgonjwa. Mambo ya usalama hakuyaachia simu kabisa: redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya baharini, ilikuwa wazi muda wote kwenye chaneli 16, chaneli ya dharura, na hilo hakulifanyia mzaha.

Yule aliyetumia pesa kidogo kuliko sote ni shangazi, na hakununua eSIM wala laini. Kabla ya safari yetu ya pili nilimzimia upakuaji wa picha na video kwenye WhatsApp, nikamwashia ile ya kupunguza data kwenye simu za sauti, nikamzimia masasisho ya programu yasiyo ya waifai. Mengine aliyabuni mwenyewe. Simu yake ilikaa kwenye hali ya ndegeni tangu Barcelona hadi mwisho. Kila jioni alikaa kitandani na miwani yake, akichagua picha moja ya siku, moja tu, akaiandikia maelezo marefu kwa kila mjukuu kwa jina lake, akabonyeza kutuma. Haikwenda. Kialama cha saa kikabaki pembeni ya ujumbe, kinasubiri. Naye akalala.

Zamu yake ya waifai ilipofika asubuhi, alikuwa anawasha, anaweka simu juu ya meza, anakunywa chai. Zinatoka zote kwa pamoja, moja baada ya nyingine, kisha anazima. Dakika nne. Siku ya mwisho Piraeus, mitambo ya meli imeshazimwa na waifai yetu imekwisha muda, alishuka na meseji kumi na moja tumboni mwa simu. Akaketi juu ya begi lake pale gatini, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo hotspoti yako ya Uhispania, mwanangu. Na wewe kaa hapa utazame saa."